Mwongozo wa kuelewa kitenzi cha Kiingereza “pick up”: maana zake, visawe vyake na namna ya kuvichagua

Mwanafunzi wa Kiingereza anayejua kwamba “pick” ni kuchagua au kuchuma, na kwamba “up” ni juu, bado atakwama atakapokutana na sentensi “Business is picking up”, kwa sababu hapo hakuna kinachochaguliwa, kinachochumwa wala kinachopandishwa. Vitenzi vya aina hii, vinavyoundwa kwa kitenzi cha kawaida na kijineno kifupi kinachokifuata, ni vingi mno katika Kiingereza, na ugumu wake haukuanza leo. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1755, aliandika kwamba muundo huu ndio unaowapa wageni wa lugha hiyo shida kubwa kuliko yote. Jina ambalo sarufi ya Kiingereza inautumia sasa, “phrasal verb”, linaonekana katika kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, naye alieleza kwamba alipendekezewa jina hilo na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Hapa nitaviita vitenzi vya maneno mawili, maana istilahi “kirai kitenzi” tayari ina kazi nyingine katika sarufi ya Kiswahili na kuitwika kazi ya pili kungeleta mkanganyiko.

Msemaji wa Kiswahili ana nafuu moja ambayo mara nyingi haitumii. Anajua tayari, bila kufundishwa, kwamba kitenzi “piga” hakina maana moja, na kwamba maana yake hujulikana kwa neno linaloandamana nacho: piga simu, piga pasi, piga kura, piga magoti, piga mbio. Hakuna anayesikia “amepiga pasi” akadhani pasi imechapwa fimbo. “Pick up” inapaswa kusomwa kwa jicho hilohilo. Anayekariri orodha ya maana kumi na tano kutoka kwenye kamusi husahau nusu yake kabla ya juma kuisha, lakini anayejizoeza kutazama jirani wa kitenzi hupata maana nyingi bila kukariri. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa msingi huo.

Hatua ya kwanza: lifahamu umbo lake

Kabla ya kutafuta maana, hakikisha unakitambua kitenzi chenyewe popote kilipo, kwa sababu maneno yake mawili si lazima yakae pamoja. Mtu anaweza kusema “She picked up the book” au “She picked the book up”, na maana ikabaki ileile. Hata hivyo, yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa, inapokuwa kiwakilishi kama “it”, “him”, “her” au “them”, ni lazima ikae katikati: “She picked it up” ni sahihi, lakini “She picked up it” ni kosa ambalo kila mwenye lugha atalisikia mara moja. Kwa upande mwingine, yambwa ikiwa ndefu, yenye maelezo mengi nyuma yake, hukaa mwishoni, kwa kuwa msikilizaji hawezi kungojea kijineno “up” hadi maneno tisa yaishe. Kwa sababu hiyo huandikwa “He picked up the papers that somebody had left on the table”, na si vinginevyo. Zipo pia semi zilizokwisha kuganda, kama “pick up speed” na “pick up the pieces”, ambazo kwa kawaida hazitenganishwi.

Katika kusikiliza, tahadhari na wakati uliopita. “Picked” hutamkwa kwa silabi moja, na mwisho wake husikika kama “t” ambayo huungana na “up”, hivi kwamba maneno mawili yanaonekana kuwa moja. Wanafunzi wengi husoma neno hili kwa silabi mbili, kisha hushindwa kulitambua linaposemwa haraka.

Hatua ya pili: uliza kama kitenzi kina yambwa

Swali hili moja hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa, kwa sababu “pick up” isiyo na yambwa ina maana chache, na zote zinaweza kutambuliwa kwa kutazama kiima, yaani mtenda au kinachozungumziwa, au muktadha wa mazungumzo.

Kiima kikiwa ni biashara, uchumi, mauzo, afya au hali fulani, maana ni kuchangamka, kupata nafuu au kuanza kwenda vizuri baada ya kuzorota. “Sales picked up towards the end of the year” inasema kwamba mauzo yalichangamka mwaka ulipokaribia kuisha. Visawe vyake hapa ni “improve”, “recover” na “revive”, lakini havilingani kabisa. “Improve” husema tu kwamba hali ni bora kuliko ilivyokuwa. “Recover” hudai kwamba kulikuwa na anguko na sasa kitu kinarejea kilipokuwa. “Revive” ina nguvu zaidi, kwa sababu hudokeza kwamba kitu kilikuwa karibu kufa. Anayeandika kuhusu mauzo ambayo hayakuwahi kuanguka, bali yalikuwa ya polepole tu, atakosea akitumia “recover”. “Pick up” yenyewe hukaa katikati, ikidokeza kwamba palikuwa na ulegevu na sasa umeanza kuisha.

Kiima kikiwa ni upepo au mwendo, maana ni kuongezeka nguvu au kasi: “The wind picked up after sunset”. Kisawe kinachofaa ni “strengthen” au “increase”. “Improve” haifai hata kidogo hapa, labda msemaji awe nahodha wa jahazi aliyekuwa akiungojea upepo huo kwa hamu.

Ikiwa muktadha ni wa simu, “Nobody picked up” ina maana kwamba hakuna aliyepokea, na kisawe chake ni “answer”. Na ikiwa muktadha ni mazungumzo, kazi au hadithi iliyokatizwa, maana ni kuendelea kutoka pale ilipoishia, kama katika “We will pick up tomorrow where we stopped today”. Visawe ni “continue”, “carry on” na “resume”. Hiki cha mwisho ndicho rasmi zaidi, na wasemaji wa Kiswahili hukifahamu vibaya kwa sababu hufanana na nomino inayoandikwa vilevile katika Kiingereza cha Marekani, yenye maana ya wasifu wa mwombaji kazi, ingawa matamshi yake ni tofauti.

Hatua ya tatu: kukiwa na yambwa, tazama ni kitu cha aina gani

Hapa ndipo maana zinapokuwa nyingi, na ndipo inapobidi kwenda taratibu.

Anza na vitu vinavyoshikika kwa mkono. “Pick up” juu ya kalamu iliyoanguka ni kuokota. Juu ya mtoto anayelia ni kunyanyua au kubeba. Juu ya sanduku ni kuinua. Kiswahili hutenganisha vitendo hivi kwa vitenzi tofauti, Kiingereza huviweka katika kapu moja, na kwa hiyo anayetafsiri kwenda Kiswahili lazima achague. Kinyume chake pia ni kweli: “pick” bila “up” juu ya tunda ni kulichuma mtini, ilhali “pick up” juu ya tunda hilohilo ni kuliokota lilipoanguka. Kijineno hicho kifupi ndicho kinachoamua kama tunda lilikuwa juu au chini, na cha kushangaza ni kwamba lenye “up” ndilo lililokuwa chini.

Visawe vya maana hii ni “lift”, “raise”, “gather” na “collect”, na kila kimoja kina mtego wake. “Lift” husisitiza uzito na mwendo wa kwenda juu, kwa hiyo hufaa kwa sanduku zito kuliko kwa sindano. Tena katika mazungumzo ya kawaida “lift” inaweza kumaanisha kuiba, jambo ambalo mwandishi wa barua ya kikazi angependa kulikwepa. “Raise” ni kuinua kitu kutoka hali ya chini hadi ya juu, kama mkono au bendera, bila wazo la kukichukua. Mtego wake mkubwa zaidi uko kwa watoto: “He picked up the child” ni kwamba alimnyanyua mtoto, lakini “He raised the child” ni kwamba alimlea, kazi ya miaka mingi na si ya sekunde mbili. “Gather” na “collect” hufaa kwa vitu vingi vilivyotawanyika, kama karatasi zilizopeperushwa, na havifai kwa kitu kimoja kilichoanguka sakafuni.

Yambwa ikiwa ni mtu, maana ya kawaida ni kumfuata mahali na kuondoka naye, mara nyingi kwa chombo cha usafiri: “I will pick you up at six” ni sawa na kusema nitakuja kukuchukua saa kumi na mbili. Visawe ni “collect”, “fetch” na wakati mwingine “meet”. “Fetch” hubeba safari mbili, kwenda na kurudi, na kwa hiyo hufaa pale ambapo unatoka mahali na kurejea hapohapo na mtu huyo. “Collect” ni rasmi kidogo na hutumika zaidi Uingereza, kwa watu na kwa vifurushi pia. “Meet” haisemi lolote kuhusu usafiri. Anayekupokea uwanja wa ndege kwa “meet” anaweza kukupungia mkono, akakusalimu, kisha kila mmoja akaenda zake. Basi au treni inapopakia abiria, kisawe ni “take on”, na mabaharia wanapowaopoa watu waliozama, kisawe ni “rescue”.

Kiima kikiwa ni polisi, sentensi hubadilika kabisa. “He was picked up by the police” maana yake ni kwamba alikamatwa, au angalau alichukuliwa kwenda kuhojiwa. Hapa kuna tofauti ya kisheria ambayo mwandishi wa habari hapaswi kuipuuza: “arrest” ni kukamata kisheria, “detain” ni kumweka mtu chini ya ulinzi, na mtu anaweza kuwekwa chini ya ulinzi bila kuwa amekamatwa rasmi, kutegemea sheria za nchi husika. “Pick up” haitamki ni lipi kati ya hayo lililotokea, na kwa sababu hiyo hutumiwa sana na watu ambao hawana uhakika. Ikiwa unatafsiri na habari haisemi zaidi, “alichukuliwa na polisi” ni salama kuliko “alikamatwa”.

Kuna matumizi mengine ya mtu kama yambwa ambayo vitabu vingi vya shule huyaruka kwa haya, ingawa ndiyo yanayoweza kukuingiza katika aibu. Katika lugha ya mitaani, “pick up” juu ya mtu msiyefahamiana ni kumtongoza na kuondoka naye, karibu na kile ambacho vijana husema “kuopoa”. Sentensi “I picked up my sister at the party” haina tatizo, kwa sababu uhusiano umetajwa. “I picked up a woman at the party” itafanya watu wakutazame kwa namna nyingine. Ukiwa na shaka yoyote, tumia “collect”, au ongeza jambo linalofuta utata, kwa mfano “and drove her to the hospital”.

Yambwa ikiwa ni lugha, stadi, tabia, lafudhi au habari, maana ni kujipatia kidogo kidogo bila mafunzo rasmi. Kiswahili kina neno zuri la maana hii, nalo ni kudaka: mtu husema amedaka maneno mawili matatu ya lugha fulani kwa kukaa na wenyeji. “She picked up Portuguese while working on the ships” inasema hivyohivyo. Visawe ni “learn” na “acquire”. Katika mazungumzo “learn” hutosha, lakini inaweza kumaanisha pia kujifunza darasani kwa kitabu na mtihani, wazo ambalo “pick up” hulikataa. Mwanaisimu Stephen Krashen alijenga sehemu kubwa ya nadharia yake juu ya tofauti kati ya “acquisition”, yaani kuipata lugha bila kujitambua kwa njia ya kuitumia, na “learning”, yaani kujifunza kanuni zake kwa makusudi. Kwa anayeandika kuhusu elimu, basi, “acquire” ndicho kisawe kilicho karibu zaidi. “Master” si kisawe, ijapokuwa baadhi ya orodha huiweka humo, kwa sababu aliyedaka lugha huenda bado anaivunjavunja, ilhali aliyei-“master” ameibobea.

Yambwa ikiwa ni ugonjwa, maana ni kuupata au kuambukizwa, na mara nyingi kuna wazo la kuupata mahali fulani bila kutarajia: “Several passengers picked up an infection on the voyage”. Visawe ni “catch” na “contract”. Mafua na kikohozi huenda na “catch” katika lugha ya kila siku. “Contract” hufaa katika ripoti ya kitabibu. Mtu anayemwambia rafiki yake “I have contracted a cold” hajakosea sarufi, lakini atachekwa kidogo.

Yambwa ikiwa ni sauti, harufu, mawimbi au ishara, maana ni kunasa. Redio hunasa kituo, mbwa hunasa harufu, chombo cha kupima mitetemo ya ardhi hunasa tetemeko la mbali. “Receive” ni kisawe cha redio na vifaa vya mawasiliano, kwa sababu hudokeza kwamba mawimbi yametumwa ili yapokelewe. “Detect” ni kisawe cha vipimo na uchunguzi, nacho hudokeza kwamba kitu kilikuwa kimefichika au ni hafifu. Kwa wanadamu, “hear” au “notice” mara nyingi hutosha.

Maana nyingine za yambwa zinaweza kupitiwa kwa haraka, kwa kuwa jirani wa kitenzi huzifichua mara moja. “Pick up speed” ni kushika kasi, na visawe ni “gain speed” au “gather speed”. Ukitaka kutumia “accelerate”, liondoe neno “speed”, kwa kuwa maana yake tayari imo ndani ya kitenzi hicho. “Pick up the bill” ni kulipa gharama, hasa kwa niaba ya wengine, na visawe ni “pay” na “cover”. “Pick up an award” ni kutwaa tuzo, kwa “win” au “receive”. “Pick up a bargain” ni kununua kitu kwa bei ya kutupa, kwa “buy” au “get”. “Pick up the phone” ni kupokea simu, ijapokuwa inaweza pia kumaanisha kuishika ili umpigie mtu, na muktadha pekee ndio utakaosema ni lipi. Katika Kiingereza cha Marekani, “pick up your room” ni kupanga chumba na kuondoa vitu vilivyozagaa, kwa “tidy”. Hakuna anayeagizwa kukibeba.

Hatua ya nne: tazama kama kuna kijineno cha tatu

Baada ya “up” huweza kuja kijineno kingine, nacho hubadilisha maana kiasi kwamba ni heri kukihesabu kama kitenzi kingine kabisa. “Pick up on” ni kung’amua jambo ambalo halikusemwa waziwazi: “She picked up on his nervousness” ina maana kwamba aling’amua wasiwasi wake, na visawe ni “notice”, “sense” na “perceive”. Muundo huohuo hutumika katika mikutano na mijadala kwa maana ya kurejea hoja iliyotajwa awali, kama katika “I would like to pick up on your second point”, ambapo kisawe ni “return to”. Tofauti yake iko katika yambwa: hisia au dalili inang’amuliwa, hoja inarejewa.

Jihadhari zaidi na umbo linalomweka mtu katikati. “Pick somebody up on something”, linalosikika zaidi Uingereza, ni kumkosoa mtu au kumsahihisha kwa jambo dogo alilolisema au kuliandika: “The editor picked me up on a date”, yaani mhariri alinisahihisha tarehe. Visawe ni “correct” na “challenge”. Mtu anayesoma sentensi hiyo haraka anaweza kudhani mhariri alikwenda kumchukua mwandishi kwa gari siku ya miadi.

“Pick up after somebody” ni kuokota na kusafisha uchafu ulioachwa na mwingine, na kisawe chake ni “clean up after”. “Pick yourself up” ni kuinuka baada ya kuanguka, kwa mwili au kwa maisha, kwa “get up” katika maana ya kwanza na “recover” katika ya pili.

Hatua ya tano: kama bado una shaka, tafuta kinyume chake

Hii ni mbinu ambayo sijaona ikitumiwa vya kutosha, ingawa huamua mambo kwa haraka kuliko orodha ya visawe. Maana nyingi za “pick up” zina vinyume vyake, na vinyume hivyo havichanganyikani. Kitu ulichokiokota au kukiinua utakiweka chini, yaani “put down”. Abiria uliyemchukua utamshusha, yaani “drop off”. Biashara iliyochangamka itazorota, yaani “slow down” au “fall off”. Upepo ulioongezeka utatulia, yaani “die down”. Simu uliyoipokea utaikata, yaani “hang up”. Mawimbi, nyayo au harufu uliyoinasa utaipoteza, yaani “lose”. Aliyechukuliwa na polisi ataachiwa, yaani “release”. Soma sentensi yako, kisha jiulize tukio la kinyume lingeelezwa vipi. Jibu likija, maana nayo itakuwa imeshajulikana, na kisawe kitachaguliwa kutoka kundi sahihi.

Hatua ya sita: linganisha kisawe na aina ya maandishi

Historia inaeleza kwa nini Kiingereza kina jozi nyingi za kitenzi cha maneno mawili na kisawe chake rasmi. Baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na kwa muda mrefu kikatumika mahakamani, huku Kilatini kikitawala katika kanisa na elimu. Maneno ya lugha hizo mbili yaliingia kwa wingi na kukaa ngazi ya juu, na vitenzi vya maneno mawili vikabaki katika mazungumzo. Athari yake inaonekana hadi sasa: “collect”, “acquire”, “detect”, “resume” na “contract”, vyote vyenye asili ya Kilatini, hufaa katika ripoti, mkataba, makala ya kitaaluma na barua ya ofisi, ilhali “pick up” hufaa katika mazungumzo, ujumbe wa simu na barua kwa rafiki.

Kutokana na hilo, baadhi ya walimu huwakataza wanafunzi kabisa kutumia vitenzi vya maneno mawili katika insha. Nadhani katazo hilo limezidi mpaka. Magazeti makini huandika “the economy is picking up” bila kusita, na mahali pengine neno rasmi hubadilisha maana badala ya kuipandisha hadhi. Anayeandika “I collected the pen from the floor” hajawa rasmi zaidi. Ameifanya kalamu ionekane kana kwamba ilikuwa imehifadhiwa hapo ikimngojea. Kigezo kiwe maana kwanza, urasmi baadaye.

Hatua ya saba: usichanganye kitenzi na nomino

Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili yaliyoachana. Nomino na kivumishi huandikwa kwa neno moja, “pickup”, au kwa kistari, “pick-up”, na mkazo wa sauti huangukia silabi ya kwanza. Nomino hiyo ndiyo iliyotupa neno pikapu, gari lenye sehemu ya wazi ya mizigo nyuma. Ni hiyohiyo inayotaja kifaa kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ambacho kwa kawaida huundwa kwa sumaku na koili ya waya na hunasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa mkondo wa umeme. “A pickup in demand” ni ongezeko la mahitaji sokoni, na “pick-up point” ni mahali pa kuchukuliwa abiria au mizigo. Kuandika “I will pickup the parcel” ni kosa, hata kama unaliona kila siku katika ujumbe wa watu wanaokijua Kiingereza vizuri.

Hatua ya nane: badilisha, kisha usome tena

Jaribio la mwisho ni kuondoa “pick up” katika sentensi, kuweka kisawe ulichochagua, na kuhakikisha mambo mawili: kwamba sarufi bado imesimama, na kwamba tafsiri ya Kiswahili haijabadilika. Chukua kifungu hiki: “We picked up the visitors at noon. The wind had picked up, and on the way the driver picked up a strange noise from the engine. He called a mechanic, but nobody picked up.”

Katika sentensi ya kwanza yambwa ni watu, tena wageni wanaongojewa, kwa hiyo ni kuwachukua, na kinyume chake ni kuwashusha, “collected” inafaa. Katika ya pili hakuna yambwa na kiima ni upepo, kwa hiyo ni kuongezeka nguvu, “strengthened” inafaa. Sehemu inayofuata ina yambwa ambayo ni sauti, na anayeinasa ni mtu, si chombo. “Noticed” ni ya kawaida, “detected” ni ya ripoti, nayo “received” haifai kwa sababu injini haikumtumia dereva ujumbe. Ya mwisho haina yambwa, lakini simu imetajwa kabla yake, kwa hiyo ni kupokea, “answered” inafaa. Likiandikwa upya kwa ajili ya ripoti ya safari, kifungu kitasomeka hivi: “We collected the visitors at noon. The wind had strengthened, and on the way the driver detected a strange noise from the engine. He called a mechanic, but nobody answered.”

Sasa fanya vivyo hivyo kwa kifungu hiki kingine, ambacho nimekiacha bila majibu kwa makusudi: “He picked up the story where his father had ended it. He had picked up his father's way of speaking, and the old people picked up on it at once, though one of them picked him up on a name.”